Kabla ya kununua giaboksi nyingine, uliza kama hii imefunzwa

Binamu yangu huendesha teksi ya apu hapa Nairobi, Honda Fit ya 2005 aliyonunua kwa mkopo wa chama. Mwezi jana ilianza kutetemeka kila taa zikiwaka kijani. Anakanyaga mafuta kidogo, gari linatikisika kama mkokoteni kwenye kokoto, likishika mwendo linatulia. Abiria wakaanza kumpa nyota mbili. Nyota mbili, msee, ni njaa.

Fundi wa mtaani akasema klachi ya kuondokea imeisha. Hapo hakukosea. Fit za kizazi hicho, 2001 hadi 2007, zenye giaboksi ya CVT hazina torki konvata kama oto nyingi. Klachi moja iliyozama kwenye mafuta ndiyo hushika gari linapoanza kutoka. Tukapata nyingine ya mtumba Grogan, ikafungwa, mafuta mapya ya CVT yakawekwa. Tukawasha. Mtetemeko ule ule, na sasa ukiweka D injini inataka kuzima.

Fundi akapangusa mikono: "Hii giaboksi imekufa. Tafuteni ingine." Sh45,000, na chama kinataka pesa zake Ijumaa.

Mimi niliacha kozi ya kompyuta mwaka wa pili (karo, stori ya siku nyingine), lakini nilikaa darasani vya kutosha kujua kwamba ukibadilisha kifaa bila kugusa programu, programu bado inadhani kile cha zamani kipo. Nikamwambia binamu asitoe hata shilingi kwanza.

Tukaenda kwa fundi wa waya upande wa Kirinyaga Road. Hata boneti hajafungua, akauliza: "Vijana, baada ya kufunga, mliifunza?"

Tukaangaliana.

Akatueleza. Kompyuta ya gari ndiyo huamua presha ya mafuta inayobana klachi. Klachi ikilika polepole, kompyuta hurekebisha na kukumbuka. Ukiweka nyingine, bado inabana kwa vipimo vya ile iliyotupwa. Ikibana sana, injini inalemewa. Ikibana kidogo, klachi inateleza. Na si Fit peke yake. Oto nyingi ukibadilisha solenoidi au valvu bodi zinataka kufunzwa upya, na baadhi hazikubali bila skana. Kutoa waya wa betri tu hakutoshi kila mara, hata kama yule jamaa wa YouTube ameapa.

Alifuta kumbukumbu ya zamani. Akazima AC, taa na redio, akaacha injini ipate moto hadi feni ikazunguka mara mbili. Mafuta baridi ni mazito, alisema, kwa hivyo gari likijifunza likiwa baridi linajifunza uongo. Akaweka D, mguu kwenye breki, akangoja. Kisha tukatoka barabarani hadi kilomita 60 kwa saa, akaachilia mafuta bila kugusa breki, likapungua mwendo lenyewe. Tukarudia.

Kama klachi yenyewe ingekuwa imeungua, hakuna skana ingetuokoa, na hilo alisema kabla hajaanza. Lakini kwenye taa za kwanza tulipokuwa tukirudi, Fit iliondoka kimya. Binamu hakusema kitu hadi taa za tatu.

Alilipa Sh3,000. Chama kikapata pesa zake Jumamosi, pamoja na faini ya kuchelewa. Yule fundi wa kwanza alipopata habari, aliomba namba ya fundi wa waya.