Juma la kula pamoja kabla ya Noeli: kwa nini na kwa namna gani



Mwezi wa kumi na mbili unapofika, nyumba zetu za Kibabi zinabaki tupu wakati wa jioni. Kwaya zinafanya mazoezi. Wamama wanashona sare za vitenge na kusafisha kanisa. Wanafunzi wanamaliza mitihani ya kabla ya likizo. Wababa na vijana wengi wako kwenye machimbo ya upande wa Rubaya, wengine wako njiani wakipeleka viazi na maharagi Sake na Goma, kwa kuwa kila mtu anatafuta faranga za sikukuu. Mtoto anarudi nyumbani, anakuta sufuria imefunikwa, anakula peke yake na kulala. Siku ya Noeli tunajaa kanisani tangu asubuhi, na tunaimba vizuri. Lakini watu wa nyumba moja wanaweza kufika siku hiyo bila kuketi pamoja hata mara moja tangu majuma matatu.

Kwa sababu hiyo sisi wachungaji tunaeleza hapa zoezi moja ambalo kila familia inaweza kulifanya. Kwa siku saba, tangu Jumatatu mpaka Jumapili iliyo kabla ya Noeli, watu wote wa nyumba wale chakula cha jioni pamoja. Hatusemi karamu. Tunasema chakula kile kile cha kila siku, ila saa moja, mahali pamoja, na watu wote wakiwapo.

Maandiko yanasema nini?

Tuanze na Kutoka sura ya 12. Usiku ule Israeli walipojiandaa kutoka Misri, Mungu hakuwaita kwanza kwenye mkutano mkubwa. Aliagiza kila nyumba iwe na mwana-kondoo wake na ile pamoja, watu wakiwa wamefunga mikanda na kuvaa viatu. Kwa maneno mengine, ibada ya kwanza ya wokovu wao ilifanyika mezani, na watu walioila walikuwa tayari kukimbia. Sisi wa Masisi tunaelewa jambo hilo kuliko wengi.

Katika sura hiyo kuna mambo mawili ya kuangalia. Mstari wa 4 unasema kwamba nyumba iliyo ndogo, isiyoweza kumaliza mwana-kondoo, ishirikiane na jirani wa karibu. Mistari ya 26 na 27 inaonyesha kwamba watoto watauliza maana ya tendo hilo, na wazazi watapaswa kujibu. Basi meza ya familia tangu zamani ilikuwa na kazi tatu: kulisha, kumkaribisha jirani na kumfundisha mtoto. Kumbukumbu la Torati 6:7 linaongeza kwamba mafundisho ya Mungu yanasemwa tunapoketi nyumbani, si mahali pa ibada tu. Na Matendo 2:46 yanatuonyesha kanisa la kwanza likimega mkate nyumba kwa nyumba.

Bwana wetu naye alizaliwa mahali ambapo nyumba ya wageni haikuwa na nafasi, na muda mfupi baadaye wazazi wake walimchukua usiku kukimbilia Misri. Familia iliyokula chakula cha ukimbizini ndiyo tunayoikumbuka katika Noeli.

Wazee wetu walijua kuishika Noeli nyumbani

Vijana wengi hawajui kwamba katika nchi yetu kulikuwa na miaka ambapo 25 Desemba ilikuwa siku ya kazi kama siku nyingine. Mwaka 1974, wakati wa Zaire, serikali ya Mobutu iliondoa Noeli katika siku za mapumziko ya taifa. Miaka miwili kabla yake, majina ya kikristo yalikuwa yamekwisha kukatazwa. Mtu alikwenda kazini siku ya Noeli. Lakini hapakuwa na amri iliyoweza kuzuia familia kula pamoja jioni, baba akiwaeleza watoto kwa nini usiku huo ni tofauti. Kama sikukuu yote ya mtu iko kwenye kwaya, sare na mapambo, itakufa siku vitu hivyo vitakapokosekana. Iliyo mezani inaweza kuendelea hata kambini.

Tutakula nini?

Swali hili ni la kweli, na hatulipiti juu juu. Mwanzoni mwa mwaka 2025, mashirika ya chakula yalihesabu watu milioni 27.7 katika Kongo waliokuwa na njaa kali, na Kivu Kaskazini ilikuwa kati ya sehemu zilizoumia zaidi. Katika nyumba nyingi kuna mlo mmoja tu kwa siku. Basi tunashauri hivi: kama nyumba ina mlo mmoja, mlo huo ndio uwe wa pamoja, nao uliwe saa kumi na moja, kabla ya giza. Hivyo hatupotezi mafuta ya taa, na hakuna anayetembea usiku wakati usalama ni mdogo.

Vyakula vyetu vyenyewe ni vizuri tukivipanga. Bugali peke yake unashibisha tumbo lakini haujengi mwili. Ukiuunganisha na maharagi, vinakamilishana, na mwili unapata karibu faida ileile inayotoka katika nyama. Sombe ipondwe na kupikwa kwa muda mrefu, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu inayopungua kwa kupondwa na kwa moto. Kiganja kimoja cha sambaza zilizokaushwa kinatosha kuongeza nguvu katika chungu cha watu wengi. Mwenye ng'ombe atoe maziwa kidogo kwa watoto kabla ya kupeleka yote sokoni.

Kuna jambo moja wazazi wasilisahau. Katika nchi yetu, zaidi ya watoto 4 kati ya 10 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Njaa ni sababu mojawapo, lakini namna ya kugawa chakula ni sababu nyingine. Watoto sita wakila katika sahani moja, wakubwa wanamaliza haraka na mdogo anabaki analamba vidole. Mtoto mdogo apewe kisahani chake, na mama au dada mkubwa aangalie kama amekimaliza. Paulo aliwaambia Wakorintho wangojane wanapokula (1 Wakorintho 11:33). Neno hilo tunalisoma mara nyingi kwenye Meza ya Bwana, nalo linafaa pia kwenye mkeka wa jikoni.

Na mwenye sombe tupu asione haya. Mithali 15:17 inaweka mboga penye upendo juu ya nyama ya ng'ombe penye chuki.

Nani ataketi?

Katika nyumba nyingi baba anapakuliwa wa kwanza, anakula saloni na wageni wake, na mama na watoto wanabaki jikoni. Hatusemi desturi hiyo ni dhambi. Kumheshimu baba ni jambo jema. Lakini tuone matokeo yake: baba hajui nani hakushiba, na mtoto hajawahi kusikia baba akiongea bila kutoa amri. Kwa siku hizi saba tunawaomba wababa wasogeze kiti. Baba aombe, mama agawe, na kila mtoto aseme neno moja la siku yake. Simu ziwekwe pembeni. Anayepita kwanza kwenye kasiksi ajue kwamba nyumbani wanamngoja, na chakula hakitaanza bila yeye.

Kwa upande wa kanisa, tunawaomba viongozi wa kwaya waweke mazoezi ya juma hilo saa tisa, yaishe kabla ya saa kumi na nusu. Wimbo utajifunzwa tu. Wamama wanaopamba kanisa wagawane siku, ili asiwepo anayekosa jioni zote. Wachimbaji wasioweza kurudi kila siku warudi siku mbili au tatu, na walioko huko juu wale pamoja kwa jina la Bwana, kwani wao pia ni ndugu.

Jioni saba

Si lazima kufuata mpango huu, lakini unaweza kuwasaidia wanaouliza waanzie wapi. Kila jioni ni dakika kumi tu baada ya kula: andiko fupi, swali moja, sala.

Jumatatu, someni Luka 1:26-38, na kila mtu aseme habari iliyomshtua mwaka huu. Jumanne, Luka 1:39-45, na watoto wamshukuru mama au bibi anayewalea. Jumatano, Mathayo 1:18-25, na baba aeleze jambo moja alilojifunza kutoka kwa baba yake. Alhamisi, Luka 2:1-7, mkikumbuka mahali mlipolala siku mlipokimbia, na nani aliwafungulia mlango. Ijumaa, Mathayo 2:13-15, mkitaja wasiokuwapo. Jumamosi, Luka 14:12-14, na siku hiyo mgeni aalikwe. Jumapili, Luka 2:8-20, na watoto ndio wasimulie. Wakubwa wanyamaze na kusikiliza.

Nafasi iliyo wazi

Jioni ya Ijumaa itakuwa ngumu. Katika nyumba zetu kuna waliokufa, kuna kijana aliyeingia msituni na hatujui kama anaishi, kuna binti aliyebaki Goma. Kambi za kando ya Goma zilipovunjwa mwezi wa pili mwaka 2025, watu wengi walirudi vijijini bila kitu, na wengine hawajaonekana mpaka leo. Familia nyingi zimechagua kutotaja majina hayo mezani ili wasimlize mama.

Sisi tunashauri yatajwe. Mtoto anayeona kiti cha kaka yake kimeondolewa bila neno anajifunza kwamba naye akipotea hatatajwa. Tajeni jina, semeni jambo moja jema alilolifanya, ombeni, kisha mwendelee kula. Anayelia aachwe alie. Kama aliyeondoka ana simu, apigiwe jioni ile asikie sauti za wote. Na kama uchungu ni mkubwa kuliko nguvu ya familia, waiteni wazee wa kanisa waje waketi nanyi. Hiyo ni kazi yao.

Kwa familia zilizopokea wakimbizi, mara nyingi nyumba moja ina vyungu viwili: kimoja cha wenye nyumba, kingine cha wageni. Tunajua sababu, chakula hakitoshi, na kila mama anaogopa kwa watoto wake. Lakini kwa jioni moja au mbili, changanyeni. Hapo ndipo Kutoka 12:4 linapata maana yake.

Jirani wa lugha nyingine

Tumeacha jambo zito kwa mwisho. Mwezi wa tatu mwaka 1993 mauaji yalianzia Ntoto, katika Walikale, yakaenea Masisi yote. Waliokuwa watoto siku zile sasa ni wazazi. Wengi wao wanaimba katika kwaya moja na Wahunde, Wahutu, Watutsi, Watembo na Wanyanga, wanapokea Meza ya Bwana pamoja, lakini hawajawahi kula nyumbani kwa mwenzao. Wanaogopa sumu, wanaogopa maneno ya ndugu zao, wanaogopa kuonekana wamejiunga na upande fulani. Hofu hiyo haikutoka hewani. Watu walikufa kweli.

Ndiyo maana tumependekeza mgeni wa Jumamosi awe, ikiwezekana, jirani asiyesema lugha ya nyumba yenu. Anzeni na mnayemfahamu: mama mnayeuza naye sokoni, baba mnayechota naye maji, mwalimu wa mtoto. Mwenye nyumba aonje kwanza mbele ya mgeni, kama wazee walivyofanya, kisha wote wale kutoka chungu kimoja. Msianze na mazungumzo ya ardhi wala ya vita. Zungumzeni juu ya watoto na mavuno. Juma linalofuata, mgeni naye atawaalika. Kama hatawaalika, mmefanya sehemu yenu.

Mahali ambapo jambo hilo linaweza kumhatarisha mgeni au mwenye nyumba, lisifanyike kwa mwaka huu. Bwana anaona moyo. Peleka sahani ya maharagi kwa mkono wa mtoto, au salimu tu barabarani kwa jina.

Wapendwa, hakuna anayeweza kutuahidi kwamba Noeli ijayo tutakuwa wote. Tulio nao leo tuketi nao. Bwana aliyejulikana na wanafunzi wa Emau katika kumega mkate aingie katika kila nyumba ya Kibabi, Masisi na Walikale jioni hizi saba, abariki kidogo kilichomo chunguni, na awalinde walio mbali mpaka tukutane nao tena. Amina.