MLO MMOJA, MIZANI TOFAUTI: Kwa nini baba anapungua na mama yuko palepale?

Leo safu yetu inaingia jikoni, maana huko kuna ugomvi ambao watu wengi wanaona haya kuusema hadharani.

Ni hivi. Baba na mama wamekubaliana kwamba sasa basi, miili imezidi. Chapati za asubuhi zimefutwa, chipsi marufuku, soda hakuna, na ugali umepunguzwa mpaka ukawa kama ngumi ya mtoto. Wote wanakula sufuria moja, kipimo kimoja. Baada ya mwezi wanakwenda kupima. Baba kapungua kilo tano, mkanda umetobolewa tundu jipya. Mama kapungua kilo mbili, tena za kubabaisha. Hapo ndipo maneno yanapoanza: "Mama Fulani, hivi mimi nikienda kazini wewe huku nyuma unakula nini?" Mama anaapa kwamba hajagusa hata karanga, lakini nani wa kumwamini?

Basi bwana, leo namtetea huyo mama. Inawezekana kabisa kwamba hajadokoa kitu.

KIPIMO KIMOJA, HESABU MBILI

Kwanza tuanze na hesabu ya darasa la tatu. Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori. Tuseme baba, kwa ukubwa wake, anahitaji kalori 2,500 kwa siku ili uzito usipande wala kushuka. Mama, ambaye ni mdogo kuliko yeye, anahitaji 2,000. Sasa wote wawekwe kwenye chakula cha kalori 1,600. Baba kakatwa 900, mama kakatwa 400 tu. Kwa hiyo huo usawa wa sahani mnaouona mezani, ndani ya mwili si usawa hata kidogo. Baba kafunga mkanda mara mbili zaidi bila mwenyewe kujua.

Halafu kuna suala la injini. Mwili hauzimi hata ukilala. Moyo unadunda, mapafu yanavuta hewa, damu inazunguka, na yote hayo yanaunguza chakula. Kazi hiyo ndiyo wataalamu wanaiita metaboli. Kinachosaidia sana kuunguza ni misuli. Kilo moja ya misuli, ukiwa umejipumzisha tu, huunguza kama kalori 13 kwa siku. Kilo moja ya mafuta huunguza kama nne na nusu. Sasa mwanamume kwa wastani ana misuli kama asilimia 38 ya uzito wake, wakati mwanamke ana kama 31. Ni sawa na basi kubwa na pikipiki zikiwa zimesimama stendi huku zinaunguruma: basi linamaliza mafuta haraka hata kama halijaondoka.

Hata mkiwa na uzito sawa, urefu sawa na umri sawa, bado hamtoshani. Kanuni ya Mifflin na St Jeor, iliyotolewa mwaka 1990 na inayotumiwa sana na wataalamu wa lishe, inampa mwanamume kalori 166 zaidi kwa siku. Unaziona chache? Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Fanya hesabu ya mwezi mzima mwenyewe.

KITAMBI NA NYONGA

Jambo la pili ni mahali mafuta yanapokaa. Kwa wanaume wengi yanakimbilia tumboni, ndani kabisa, kuzunguka ini na utumbo. Hicho ndicho kitambi tunachokiita cha heshima, ingawa heshima yake ni kisukari, presha na ugonjwa wa moyo. Lakini mafuta hayo yana sifa moja nzuri: ukipunguza mlo ndiyo yanayotangulia kuondoka. Ndiyo maana baba akibana chakula wiki chache tu, majirani wanamuuliza kama anaumwa.

Kwa akina mama, homoni ya estrojeni inayapeleka mafuta mengi kwenye nyonga, mapaja na makalio. Haya ni akiba ya mimba na kunyonyesha, na mwili hauyaachii kirahisi. Kwa upande mwingine hayana madhara makubwa kama yale ya tumboni. Ila akina mama wa umri wa kukoma hedhi wawe macho, maana estrojeni ikishuka, mafuta nayo yanaanza kuhamia tumboni.

Msidhani haya ni maneno ya vijiweni. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uitwao PREVIEW, uliohusisha nchi kadhaa za Ulaya pamoja na Australia na New Zealand. Watu 2,224 wenye uzito uliozidi na dalili za kuelekea kwenye kisukari, wanawake 1,504 na wanaume 720, walikula mlo mdogo sana, kama kalori 800 kwa siku, kwa wiki nane chini ya usimamizi. Wanaume walipungua asilimia 11.8 ya uzito wao na wanawake asilimia 10.3. Tena wanawake walipoteza zaidi sehemu ya misuli, madini ya mifupa na ile kolesteroli nzuri inayolinda moyo. Ona basi, mpenzi msomaji: mlo wa kujibana sana ulimkondesha mama kidogo na kumgharimu zaidi.

HATARI YA KUSHINDANA

Hapa ndipo ninapotaka tusikilizane. Mama akishaona kaachwa nyuma na kejeli zimeanza, anaamua kukomesha. Anakunywa chai kavu asubuhi, mchana anapitisha, usiku anakula tango. Wengine wanakwenda kununua vidonge vya kupunguza mwili ambavyo hata aliyeviuza hajui vimetengenezwa na nini.

Ukiunyima mwili ghafla, unashika breki. Kati ya mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, kwa miezi sita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, lakini na metaboli zao zilishuka kwa karibu asilimia 40. Hao walikuwa wanaume wenye afya njema. Je, huyu mama yetu?

Na kuna la damu. Uchunguzi wa taifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba Tanzania, katika wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 28 walikuwa na uzito uliozidi. Lakini wanawake 45 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa damu! Maana yake unaweza kuwa bonge na bado damu huna. Mwanamke anayeingia mwezini anahitaji madini ya chuma zaidi ya mara mbili ya mwanamume. Akiacha nyama, maharage na dagaa ili amfikie baba kwenye mizani, ataishia kizunguzungu na kuanguka sokoni.

SASA TUFANYEJE?

Mama, acha kushindana na baba. Shindana na wewe wa mwezi uliopita. Ukipima, pima siku ileile ya mzunguko wako, maana ukikaribia siku zako maji yanaweza kukuongezea kilo moja au mbili ambazo si mafuta. Tumia na futi ya fundi cherehani: kiuno kinaweza kupungua wakati mizani imegoma. Punguza mafuta ya kukaangia na sukari kwanza, lakini maharage, kunde, dagaa, mayai na mboga za majani zibaki. Fanya na mazoezi ya nguvu, kama kuchuchumaa na kusimama mara kadhaa, ili misuli isiondoke. Kama unanyonyesha, una mimba au unatumia dawa za kisukari, muone daktari kabla ya kupunguza chochote.

Baba, na wewe usijisifu sana. Huenda zile kilo tano ni bia tu ulizoziacha, maana chupa moja ya nusu lita ina kalori kama 200. Ukizirudia, kitambi kinarudi kwa njia ileile. Na huyo mama usimpekue sahani. Mpe muda na mfanye matembezi ya jioni pamoja.

Wahenga walisema kawia ufike. Kwa leo naishia hapa, tukutane tena wiki ijayo.