Ruta Mbili, Lango Moja: Urudufu wa Ruta katika Mitandao Pepe ya Taasisi za Umma

1. Utangulizi

Tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na huduma za intaneti zikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Tukio hilo lilihuisha mjadala kuhusu umuhimu wa kuwa na njia zaidi ya moja ya kutoka nje. Hoja ya makala haya ni kwamba mjadala huo haukamiliki iwapo unaishia baharini. Chuo au wizara inaweza kulipia njia mbili za nje, na bado watumiaji wake wakakosa huduma kwa sababu ruta mbili zilizomo ndani ya jengo hazikusanidiwa kupokezana kazi.

2. Mtandao pepe na lango lake

Kwa kufuata kiwango cha IEEE 802.1Q, swichi moja inaweza kugawanywa katika mitandao pepe mingi, kila mmoja ukiwa na namba yake kati ya 1 na 4094. Hivyo uhasibu, maabara na wanafunzi hutumia vifaa vilevile bila kuingiliana. Data inayotoka katika mtandao mmoja kwenda mwingine sharti ipitie lango, yaani ruta au swichi inayofanya kazi ya ruta. Kwa kawaida kompyuta hupewa anwani moja tu ya lango, nayo haitafuti nyingine pale lango hilo linapozimika. Udhaifu wa mfumo mzima umo hapo.

3. Namna ruta zinavyopokezana

Mwaka 1998, IETF ilichapisha itifaki ya wazi iitwayo VRRP. Katika mwaka huohuo ilichapisha pia maelezo ya HSRP, itifaki ya kampuni ya Cisco. Katika zote mbili, ruta huchangia anwani pepe ya IP pamoja na anwani pepe ya maunzi. Yenye kipaumbele kikubwa huwa kuu, nyingine husubiri. Katika VRRP, ruta kuu hutangaza uhai wake kila sekunde 1. Matangazo yakikoma, ruta ya akiba yenye kipaumbele cha 100 hushika nafasi baada ya takribani sekunde 3.6. HSRP hutangaza kila sekunde 3 na kusubiri sekunde 10, isipokuwa msanidi abadilishe viwango hivyo. Kompyuta za watumiaji hazihitaji kubadilishwa chochote, kwa kuwa anwani wanazozijua zimehamia kwenye ruta ya pili.

4. Mambo manne ya kuzingatia katika usanidi

Kwanza, kila mtandao pepe unahitaji kundi lake la urudufu. Ruta A inaweza kupewa kipaumbele cha 120 katika mtandao wa 10 na 100 katika mtandao wa 20, na ruta B kinyume chake. Kwa mpangilio huo zote mbili hufanya kazi, wala hakuna inayokaa bure.

Pili, namba ya kila mtandao pepe iruhusiwe kwenye kiungo kati ya swichi mbili. Namba moja ikisahaulika, na matangazo yakikosa njia nyingine, ruta zote mbili zitajiona kuu katika mtandao huo.

Tatu, matangazo hayo huthibitisha uhai wa ruta upande wa ndani tu. Kebo ya nje ya ruta A ikikatika, A itaendelea kuwa lango huku haina pa kupeleka data. Kwa hiyo iagizwe kufuatilia kiungo cha nje na kupunguza kipaumbele chake kwa 30 kiungo hicho kinapokufa: 120 itakuwa 90, na B yenye 100 itachukua nafasi. Katika HSRP, B lazima pia iruhusiwe waziwazi kuipokonya A nafasi. Katika VRRP ruhusa hiyo ipo tangu mwanzo.

Nne, itifaki ya STP, inayozuia mizunguko kati ya swichi, iwe na mzizi wake upande uleule wa ruta kuu ya mtandao husika. La sivyo, data itazunguka kupitia swichi ya pili bila sababu.

5. Athari kwa sera

Zabuni inayohesabu vifaa tu itanunua ruta mbili, lakini haitanunua urudufu. Makala haya yanapendekeza kwamba mikataba itaje VRRP, ili taasisi isifungwe kwa mtengenezaji mmoja. Idai jedwali la vipaumbele kwa kila mtandao pepe. Na isiruhusu malipo ya mwisho kabla ya majaribio mawili kufanyika mbele ya mnunuzi: kuzima umeme wa ruta kuu, kisha kuchomoa kebo yake ya nje. Muda wa kukatika kwa huduma upimwe katika kila mtandao pepe, na majaribio hayo yarudiwe kila usanidi unapobadilishwa.