Nukuu za Ujumbe wa Simu Mbele ya Mahakama

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kupima miswada. Zinapotajwa barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa, twauliza kwanza: nani aliandika, nani alinakili, na je, mnakili alitengeneza lolote? Maswali hayo sasa yaulizwa kwa ujumbe wa simu unaoletwa mahakamani, nami nadhani mtaalamu wa lugha ana neno la kusema hapo, tena mapema kuliko anavyoitwa kwa kawaida.

Natuchukue mfano wa kubuni. Mfanyabiashara wa ufuta wa Rasbura, mjini Lindi, amemkopesha mwenzake fedha, na mazungumzo yote ya deni yamo katika simu yake. Hana chombo cha uchunguzi cha polisi; kijana wake ana kompyuta na programu ya kununuliwa na mtu yeyote, kama iMazing, au ya bure, kama SMS Backup & Restore. Programu hizi husoma hifadhi ya simu, au nakala yake, na kutoa orodha: namba, jina, tarehe, saa, maneno.

Je, ni ushahidi? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 haikuibagua programu yoyote kwa jina. Yaagiza mahakama itazame jinsi ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyopelekwa, jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa, na jinsi mpelekaji alivyotambuliwa. Nyuma yake, mwaka 2000, Jaji Nsekela alikwisha kuyakubali machapisho ya kompyuta ya benki katika shauri la Trust Bank na Le-Marsh. Mlango basi u wazi. Kazi ni kueleza nukuu ilipatikanaje. Programu hizo mara nyingi hazirudishi ujumbe uliofutwa, wala hazithibitishi kwamba hakuna uliofutwa. Kwa hiyo simu yenyewe itunzwe kama ilivyo, upande wa pili upate kulinganisha.

Jina linalochapishwa ni lile ambalo mwenye simu alimwandikia mwenzake, wala si ushahidi wa kitu. Usajili wa laini kwa alama za vidole huonyesha mwenye laini, hauonyeshi aliyeandika.

Ama saa, hiyo ina mtego wake. Simu za Android huhesabu milisekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa ya dunia, na programu ndiyo huzigeuza. Isipowekwa sawasawa, ujumbe wa saa mbili usiku wa Lindi huchapishwa 17:00, yaani saa kumi na moja jioni. Ikiwekwa sawa huandikwa 20:00. Tofauti ya saa sita kila Mswahili aijua. Ile ya saa tatu ikiongezwa juu yake, shahidi mkweli aweza kuonekana mwongo.

Lakini hatari kubwa kuliko zote haimo katika programu, imo katika mkono wa karani. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, basi kishawishi cha kutafsiri kimepungua. Kishawishi cha kusanifisha kimebaki. Mdeni wetu ameandika: “ctakupa”. Katika mazoea ya simu, herufi c husimama badala ya silabi si, kama katika “cjui”. Mwingine huandika “ntakupa”. Karani mwenye nia njema, asiyeyajua mazoea haya, huona kosa la kidole na kupiga chapa “nitakupa”. Hapo aliyekataa kulipa ameahidi kulipa, na wala hakuna aliyekusudia kughushi.

Huko Uingereza, katika shauri la mauaji lililoamuliwa mwaka 2008, Malcolm Coulthard alilinganisha ujumbe wa msichana aliyetoweka na ule uliotoka katika simu yake baadaye. Miongoni mwa dalili ilikuwa “me” palipostahili “my”. Karani angalilisahihisha neno hilo, dalili ingalipotea.

Napendekeza tulivyozoea katika miswada: safu mbili. Ya kwanza iwe nukuu ya herufi kwa herufi, pamoja na tarakimu, nafasi na vikaragosi. Ya pili usomaji wa Kiswahili sanifu. Safu hiyo ya pili itiwe sahihi na aliyeiandika, kwa kuwa yeye ndiye atakayehojiwa juu ya ile c.