Kabla ya kuuza ngamia, liandikwe jina la mtoto

Juma lililopita alinijia nyumbani, hapa Bula Pesa mjini Isiolo, mzee mmoja ambaye mwanawe nilimfundisha katika shule ya msingi kabla sijastaafu. Tulipomaliza kujuliana hali, na chai ya maziwa ilipokwisha kumiminwa, alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne akaniomba nimsomee. Ilikuwa barua ya mtu wa Nairobi anayejiita wakala wa wanasoka. Ilisema kwamba kijana wake, beki wa kati mwenye umri wa miaka 16, amejaliwa kipaji adimu, na kwamba klabu moja ya Ulaya iko tayari kumfanyia majaribio, mradi kwanza zilipwe Sh250,000 za pasipoti, tikiti na "shughuli za ofisi".

"Mwalimu," akaniambia, "nina ngamia wawili ninaoweza kuwapeleka mnadani. Wewe umesoma. Niwauze?"

Sikumjibu papo hapo. Mtu hawezi kumwambia mzazi kwamba ndoto ya mwanawe ni upuuzi, hasa anapoijua ndoto yenyewe kuwa si upuuzi. Kijana huyo nimemwona akicheza kwenye vumbi letu jioni nyingi. Anausoma mpira kabla haujafika, hana papara, na mguu wake wa kushoto si wa kupambia tu. Isitoshe, amechagua kazi isiyo na sifa. Watoto wote wa Isiolo wanataka kufunga mabao. Beki ni kama mchungaji wa usiku: mifugo ikiamka salama hakuna anayemkumbuka, lakini fisi akipenya boma mara moja, jina lake linatajwa hadi Merti.

Nilimwomba mzee anipe siku tatu. Katika siku hizo nilikaa nikaiwazia safari ya beki mmoja Mkenya ambayo nimeifuatilia kwa miaka mingi, kwani niliona jibu la swali lake limo humo.

Joseph Okumu alizaliwa Kisumu mwaka wa 1997. Aliichezea Chemelil Sugar, timu ya kiwanda cha sukari iliyokuwa ikishiriki Ligi Kuu ya Kenya. Kutoka huko akaenda Afrika Kusini kujiunga na Free State Stars ya Bethlehem. Angekuwa mtu wa hadithi za magazeti, hapo ndipo tungesoma kwamba nyota yake iling'aa. Haikung'aa. Mwaka wa 2018 tunamkuta Michigan, Marekani, katika AFC Ann Arbor, klabu ya ligi ya ridhaa ambayo sidhani kama kuna shabiki hata mmoja wa Isiolo aliyepata kuisikia. Hebu fikiria, mpenzi msomaji: kijana ametoka Ligi Kuu ya kwao, amepitia klabu ya kulipwa ya ugenini, kisha anajikuta akicheza mahali ambapo soka si kazi ya mtu. Wangapi wangepanda ndege warudi nyumbani wakiwa wameinamisha vichwa?

Okumu hakurudi. Kutoka Ann Arbor alihamia Real Monarchs, kikosi cha pili cha Real Salt Lake katika jimbo la Utah. Akiwa huko akaitwa Harambee Stars kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2019 nchini Misri, michuano ambayo tuliitazama hapa mjini tukiwa tumesongamana kwenye vibanda, tukafungwa na Algeria mabao 2-0, tukaiondokea Tanzania 3-2 kwa jasho la damu, kisha Senegal ikatuaga kwa 3-0. Agosti mwaka huohuo akasajiliwa na Elfsborg ya Uswidi. Mwaka wa 2021 akaenda Gent ya Ubelgiji, ambayo ilitwaa Kombe la nchi hiyo mwaka uliofuata. Mwaka wa 2023 Reims ya Ufaransa ikamnunua kwa kitita ambacho magazeti ya Ulaya yalikikadiria kupita Euro milioni 10.

Hizo ni klabu saba katika nchi sita. Huyu ni fundi aliyebeba vifaa vyake mgongoni, akagonga mlango baada ya mlango. Wabrazili, ambao kila mwaka huongoza hesabu za FIFA za wachezaji wanaohamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine, wana mabeki wa namna hii kwa mamia, wasiojulikana majina, ambao leo wapo Ureno na kesho Japani au Uarabuni. Sisi tumezoea kuwataja wachache waliofika kileleni, tukadhani kwamba soka ya kulipwa ni ngazi ya kupanda moja kwa moja, na dhana hiyo ndiyo inayomlisha mtu wa barua.

Lakini yapo mambo mawili katika safari hiyo ambayo nilitaka mzee ayaone. La kwanza ni kwamba Okumu alipovuka mpaka kwenda kucheza ugenini alikuwa mtu mzima. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa waziwazi. Mojawapo ni ya mtoto anayeishi karibu na mpaka, asiyezidi kilomita 50 kutoka hapo, anayejiunga na klabu iliyo karibu na mpaka huo upande wa pili. Kijana wa Moyale anaweza kuipata nafasi hiyo kwa Wahabeshi. Wa Isiolo hawezi, na Ulaya haipakani na Moyale. Basi klabu iliyo tayari kumsajili mtoto wa miaka 16 kutoka kwetu ama haipo, ama haijui kwamba imetajwa katika barua hiyo.

Kuhusu wakala mwenyewe nitasema machache. Tangu mwaka wa 2023 FIFA imewarudisha mawakala kwenye mtihani na leseni, na majina ya waliofaulu yamewekwa hadharani, kila mtu anaweza kuyatafuta. Ujira wao hutokana na mkataba uliokwisha kutiwa sahihi. Wakala anayeanza kwa kuomba ngamia anauza kitu kingine kabisa.

Jambo la pili ndilo lililonikosesha usingizi, kwa maana linatuhusu sisi wenyewe wala si matapeli. Mchezaji anaponunuliwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea kuanzia mwaka wa kutimiza miaka 12 hadi ule wa 23. Kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15 una robo ya asilimia moja ya ada, na kila mwaka wa 16 hadi 23 una nusu ya asilimia moja. Piga hesabu: timu iliyomlea beki kwa miaka minne ya utoto wake, akaja kuuzwa kwa Euro milioni 10, inastahili Euro 100,000. Kwa shilingi zetu hizo ni zaidi ya milioni 10. Akiuzwa tena, inastahili tena. Yaani beki wa kuhamahama, yule tunayemwonea huruma kwa kutotulia mahali pamoja, ndiye mwenye faida kubwa kwa waliomfunga kamba za viatu akiwa mdogo. Kila mlango anaobisha unaweza kuangusha kitu nyumbani.

Na tangu mwishoni mwa 2022 ipo ofisi ya FIFA jijini Paris inayopitisha fedha hizo. Huanza kwa kuitazama pasipoti ya mchezaji iliyo kwenye kompyuta, inayoonyesha alisajiliwa wapi, tangu lini hadi lini. Isiyoandikwa humo haikumlea.

Sasa niambieni, wakazi wenzangu, ni nani aliyemwandika kijana wa mzee huyu? Amecheza tangu akiwa na miaka 11 katika timu ya mtaa ambayo kocha wake ni fundi wa pikipiki. Jezi zimetoka kwa mwanasiasa wa msimu wa kura. Mipira imetoka kwa wasamaria. Lakini katika vitabu vya Shirikisho la Soka nchini, FKF, timu hiyo haipo, na kwa hivyo kijana mwenyewe hayupo. Akesha akicheza Ulaya miaka 10 ijayo, itaonekana kana kwamba alianza kupiga mpira siku aliyokanyaga Nairobi, na shule au akademia ya huko iliyomchukua akiwa tayari ameiva ndiyo itakayotia sahihi ya kupokea.

Nilimweleza mzee haya yote. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na cheti cha kuzaliwa, mwalimu? Huyu alizaliwa fora, tulipokuwa na ng'ombe kule Garba Tulla. Hakuna aliyeandika."

Naam. Hapo ndipo penye fundo. Sisi wa upande huu wa nchi tunaujua uzito wa karatasi. Tumesailiwa miaka mingi kuhusu babu zetu ili tupewe kitambulisho, utaratibu ambao Rais William Ruto alitangaza kuufuta Februari 2025. Watoto wa malishoni bado wengi hawana cheti, na bila cheti hakuna usajili, na bila usajili robo ya asilimia hubaki ya wengine. Naomba serikali ya kaunti, ambayo haichoki kutuahidi viwanja, itume kwanza karani mwenye meza na muhuri kwenye kila mashindano ya vijana.

Jumatatu tulikwenda watatu, mimi, mzee na kijana, kwenye ofisi ya msajili wa vizazi. Tulikaa kwenye foleni hadi adhuhuri. Karani, binti mpole, alitutaka tulete barua ya chifu, kitambulisho cha mama na kadi ya kliniki kama ipo. Kadi haipo. Chifu yupo. Kocha naye amenunua daftari la kurasa 96, na jioni hiyo nilimkuta gereji, mikono imejaa oili, akimwambia kijana aandike mwenyewe majina ya wachezaji wote 23 na mwaka ambao kila mmoja alijiunga na timu.

Ngamia wangali malishoni. Mtu wa Nairobi amepiga simu mara mbili, na mzee amemwambia kwamba anamngoja mwalimu amalize kusoma barua.