Ugwe wa Mgongo na Maumivu Yasiyokoma: Funzo la Panya wa Maabara na Fuko wa Meru

Utangulizi

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hii ilinijia siku nilipomsindikiza nyanya yangu katika zahanati moja huko Embu ili nimtafsirie. Miaka miwili kabla ya siku hiyo alikuwa ameteleza na mzigo wa kuni kwenye mteremko wa shamba la majanichai upande wa Kianjokoma, akaumia kiuno. Jeraha lilipona na akarudi shambani, lakini mguu wa kushoto uliendelea kumwaka kama uliomwagiwa pilipili. Usiku hata shuka ikimgusa aliitupa. Mhudumu aliitazama picha ya eksirei, akaniambia, "Mwambie hana kitu." Nilipokuwa bado natafuta maneno, nyanya aliniuliza: "Amesema ninadanganya?"

Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo. Yataeleza mambo ambayo utafiti kwa wanyama umefichua kuhusu ugwe wa mgongo na maumivu sugu, akiwemo mnyama mmoja mdogo anayeishi ardhini katika Mbuga ya Taifa ya Meru. Hoja yetu ni kuwa maumivu sugu si maumivu ya kawaida yaliyorefuka. Ni badiliko katika mfumo wenyewe wa neva, na badiliko hilo linaweza kuelezwa kwa Kiswahili kinachoeleweka na mgonjwa.

Suala la istilahi

Wengi wetu hutumia "uti wa mgongo" kwa maana mbili: mifupa iliyopangana kutoka shingoni hadi kiunoni, na kamba laini ya neva inayopita ndani ya mifupa hiyo. Katika makala haya, uti ni mifupa, nayo kamba ya ndani ni ugwe wa mgongo. Tofauti hii si pambo la lugha. Eksirei huonyesha mifupa. Haiwezi kuonyesha jinsi ugwe unavyofanya kazi. Aliyesema "hana kitu" alikuwa ameangalia uti na kuutolea ugwe hukumu.

Aidha, wataalamu huyaita maumivu kuwa sugu yanapodumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi 3, muda ambao kwa kawaida majeraha mengi huwa yamekwisha kupona.

Safari ya kawaida ya maumivu

Mtu anapokanyaga mwiba, neva nyembamba za ngozi hubeba habari hadi kwenye ugwe. Habari hiyo huingilia sehemu ya nyuma ya ugwe ambayo, ugwe ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini, huonekana kama pembe. Tuiite pembe ya nyuma. Hapo neva ya kwanza hutoa kemikali, hasa glutamati na dutu P, zinazoiamsha neva ya pili. Hii ya pili ndiyo huipeleka habari ubongoni.

Hata hivyo, pembe ya nyuma si njia ya kupitia tu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza katika jarida la Science kwamba hapo pana lango. Neva za mguso husaidia kulifunga, na ubongo nao hutuma amri za kulifunga au kulifungua. Ndiyo maana mtoto aliyejigonga goti hulisugua, naye mama humsaidia kulisugua, bila yeyote kati yao kufundishwa. Baadhi ya vipengele vya nadharia hiyo vimerekebishwa, lakini wazo lake la msingi limesimama: ugwe hupima habari kabla ya kuipitisha.

Lango linapokosa kufungika

Mwaka 1983 Clifford Woolf, akifanya kazi London, alichapisha matokeo ya utafiti wake kwa panya katika jarida la Nature. Aligundua kwamba baada ya mguu wa panya kujeruhiwa, ugwe ulianza kuitikia kwa nguvu hata vichocheo hafifu. Alipoutia ganzi mguu uliojeruhiwa, wepesi huo wa kuitikia haukutoweka. Kwa maneno mengine, jeraha lilinyamazishwa lakini ugwe uliendelea kupiga kelele. Hali hii tunaweza kuiita unyeti wa kati, yaani kuzidi kwa wepesi wa kuhisi ndani ya ugwe na ubongo.

Unyeti huo hutokeaje? Katika neva ya pili kuna kipokezi cha glutamati kiitwacho NMDA, ambacho kwa kawaida huzibwa na chembe ya magnesi kama chupa inavyozibwa na kizibo. Habari za maumivu zinapomiminika kwa wingi, kizibo hicho hutoka, kalisi huingia ndani ya neva, na neva hiyo huwa nyepesi kuamka. Wakati huohuo, neva za kutuliza, zinazotumia kemikali za GABA na glisini, huweza kupungukiwa na nguvu. Seli za kinga zilizomo katika ugwe, ziitwazo maikroglia, nazo huamka na kutoa kemikali zinazozidisha uchochezi. Hatimaye mguso mwepesi, ambao zamani ungepita kama mguso tu, hufika ubongoni kama maumivu. Shuka huwa mwiba.

Mfano wa mnyama unaokaribia zaidi hali ya nyanya ulielezwa mwaka 1988 na Gary Bennett na Yi-Kuan Xie. Waliifunga neva kuu ya mguu wa panya kwa nyuzi chache zisizokazwa sana. Panya hao waliukinga mguu wao na kuuondoa upesi ulipoguswa, na hali hiyo ilidumu kwa zaidi ya miezi 2. Panya hana kauli. Mtafiti hulazimika kumsoma kwa ishara: anavyoulamba mguu, anavyouinua, anavyokwepa kuukanyagia. Sisi wanafunzi wa fasihi, tuliozoea kusoma yasiyotamkwa, tunaweza kuuelewa ugumu wa kazi hiyo.

Ni wajibu kukiri kwamba maarifa haya yamepatikana kwa kuwaumiza viumbe. Kwa sababu hiyo, mwaka 1983 shirika la kimataifa la utafiti wa maumivu, IASP, lilichapisha mwongozo wa maadili unaotaka maumivu ya mnyama yasizidi kiasi cha lazima. Nchini Kenya, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inasimamia pia majaribio ya aina hii.

Fuko wa Meru

Ikiwa panya ametufundisha jinsi maumivu yanavyokita mizizi, kuna mnyama anayetufundisha jinsi baadhi yake yanavyoweza kukosa pa kushika. Huyu ni fuko uchi, ambaye jina lake la kisayansi ni Heterocephalus glaber. Hupatikana katika nyanda kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia. Katika Mbuga ya Taifa ya Meru, Stan Braude na wenzake wamechunguza maisha yake kwa miaka mingi tangu miaka ya 1980. Mgeni wa mbuga hiyo huenda asimwone kamwe, ila anaweza kuona vichuguu vidogo vya udongo mbichi ambao fuko huurusha nje kama volkano ndogo. Chini yake huishi kundi lenye malkia mmoja anayezaa na wafanyakazi wengi, mfano wa mzinga wa nyuki.

Uchunguzi wa maumivu ya fuko huyu una mizizi hapa nchini. Titus Kanui wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Kjell Hole, walieleza mwaka 1990 kwamba mofini haikumtuliza fuko uchi dhidi ya joto. Badala yake ilimfanya mkali. Mwaka 1993 Kanui na wenzake, akiwemo Philemon Towett, walionyesha kwamba maumivu ya kemikali iitwayo fomalini yalipunguzwa na mofini na pia parasetamoli. Kumbe hata katika mwili mmoja maumivu si kitu kimoja.

Mwaka 2008 Thomas Park wa Chicago, Gary Lewin wa Berlin na wenzao walitoa matokeo ya kushangaza zaidi. Fuko uchi huhisi kubanwa na joto kali kama wanyama wengine, lakini asidi, na hata kiini cha ukali wa pilipili, havimwashi. Neva nyembamba za ngozi yake hazina dutu P, na ndani ya ugwe wake neva hizo zimeunganishwa kwa mpango usio wa kawaida. Watafiti walipoipeleka jeni ya dutu P katika neva za mguu mmoja, mguu huo ulianza kuitikia pilipili. Asidi haikuuwasha bado. Mwaka 2016 ilielezwa pia kwamba kipokezi chake kiitwacho TrkA, ambacho kwa wanyama wengine huzifanya neva kuwa nyeti wakati wa uvimbe, kina tofauti ndogo inayopunguza kazi yake. Inadhaniwa kwamba maisha ndani ya mashimo yaliyojaa hewa ya kaboni, ambayo huzalisha asidi mwilini, ndiyo yaliyomwumba hivyo.

Mipaka ya mifano hii

Mtu si panya, wala si fuko. Dawa zilizobuniwa kukizuia kipokezi cha dutu P zilituliza maumivu kwa wanyama, lakini zilipojaribiwa kwa wagonjwa hazikufua dafu. Isitoshe, kwa muda mrefu majaribio mengi yalitumia wanyama dume pekee. Mwaka 2015 ilidhihirika kwamba maikroglia, zilizokuwa zimepewa nafasi kubwa katika maelezo ya maumivu sugu, zilihitajika kwa panya dume, ilhali panya jike walitegemea seli nyingine za kinga. Hili si jambo dogo kwa mwanamke mzee wa Embu. Maelezo yaliyotolewa kwa miaka mingi huenda hayakuwa yake kikamilifu.

Hitimisho

Je, nyanya alidanganya? La. Mfupa unaweza kuunga huku neva ikiwa bado imejeruhiwa, na ugwe ukaendelea kutangaza vita ambavyo mwilini vimekwisha. Sina uwezo wa kumpima wala kumtibu. Hiyo ni kazi ya daktari wa neva, na huko ndiko nilikomshauri aende. Nilichoweza kufanya jioni ile ni kumweleza kwa Kiembu, nikisaidiwa na Kiswahili, kuwa jeraha limepona lakini bawabu wa langoni hajapata habari. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi waambie hivyo na wao."

Ombi hilo ninalileta kwenu. Wahadhiri na wanafunzi wa Kiswahili tuketi pamoja na wenzetu wa sayansi za afya, tukubaliane kuhusu ugwe, pembe ya nyuma na unyeti wa kati, na maneno hayo yafike zahanati, yasiishie katika kurasa za jarida hili. Mgonjwa asiyepewa maelezo huambiwa kwamba hana kitu, naye hurudi nyumbani na maumivu yake, pamoja na aibu ya kutosadikiwa.