Ndege za Umeme na Watu wa Visiwani

Tarehe 17 Agosti 2022 ndege ndogo aina ya Beaver, iliyong'olewa injini yake ya mafuta na kutiwa mota ya umeme, iliruka kutoka pwani ya magharibi ya Kanada, ikavuka bahari na kutua katika Kisiwa cha Vancouver baada ya dakika 24. Ilikwenda kilomita 72. Safari hiyo ilikuwa ya majaribio, nayo iliandaliwa na shirika la Harbour Air, ambalo ndege yake hiyo iliruka kwa umeme mara ya kwanza Desemba 2019. Msomaji wetu wa Unguja ataitambua hesabu hiyo bila kuelezwa, kwani karibu ndio umbali wa kutoka Dar es Salaam hadi kwake.

Tena si Beaver peke yake. Mei 2020, huko Moses Lake nchini Marekani, iliruka kwa umeme ndege ya Cessna Caravan, ikakaa angani nusu saa. Caravan si mgeni kwetu. Ndiyo inayopeleka watu Mafia na Pemba, na mara nyingine ndiyo inayomwahi mgonjwa ambaye hawezi kungoja kivuko.

Habari hizi ni njema, lakini hatupendi wananchi wa visiwani walishwe ndoto. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina nguvu ya kilowati-saa 12 hivi. Kilo moja ya betri haina zaidi ya robo kilowati-saa. Ni kweli kwamba mota ya umeme haipotezi nguvu nyingi kama injini ya mafuta, na kwa hiyo pengo hupungua. Hata hivyo mafuta hubaki yakiizidi betri mara 15 au zaidi. Isitoshe, mafuta huungua njiani na ndege ikawa nyepesi, ilhali betri hutua na uzito ule ule iliorukia.

Tuchukue mfano wa Mafia, ambayo iko kilomita 130 hivi kutoka Dar es Salaam. Tukikadiria kwamba Caravan hutumia wastani wa kilowati 350, nusu saa ya safari pamoja na nusu saa ya akiba, ambayo rubani hana ruhusa ya kuikosa, zinahitaji kilowati-saa 350. Betri za kutosha kazi hiyo zitakuwa na kilo 1,400 kwa uchache. Huo ni karibu uzito wa abiria wote na mizigo yao! Mtwara hadi Dar es Salaam, kilomita karibu 400, hapana haja hata ya kupiga hesabu.

Zipo safari zinazowezekana mapema zaidi. Unguja ni mojawapo. Nyingine ni Kilwa Masoko hadi Songosongo, isiyofika kilomita 50. (Mtwara na Lindi tuna lami, tusijitie tamaa.) Na kwa mafunzo ya marubani, ndege ya viti viwili ya Pipistrel Velis Electro ilikwisha pata cheti cha Ulaya Juni 2020. Tunadhani Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kingefanya vyema kuichunguza mapema, hasa mafundi wake, kwa sababu betri katika joto na chumvi ya mwambao si jambo la kujifunza siku ndege imekwisha nunuliwa.

Linalotusumbua zaidi liko ardhini. Kuijaza Caravan yetu ya mfano kwa muda wa saa moja kunadai kilowati 350 kwa mkupuo, mzigo unaoweza kuzima taa za mji mdogo. Kiwanja kinachopata umeme wa jenereta za dizeli hakitaumudu, na kikiumudu, moshi utakuwa umehama tu kutoka angani kuja uani. Sisi wa Mtwara tunalijua somo la kungoja. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na ilipita karibu robo karne kabla haijawasha taa za mji wetu, ingawa Msimbati tunaifikia kwa baiskeli.

Kwa hiyo hatuiombi Serikali ndege za umeme leo. Tunachoiomba ni kidogo na kinapimika. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege na TANESCO zikae pamoja, ziwaeleze wananchi, kabla ya bajeti ijayo kusomwa, kiwanja cha Mafia na cha Songosongo kila kimoja kinaweza kupata kilowati ngapi, kutoka wapi, na kwa bei gani. Mamlaka ya Usafiri wa Anga nayo itwambie ni sheria zipi zitakazotumika siku mwenye ndege ya namna hii atakapobisha hodi.